Je, Wajua? Mvua ya Alfajiri na Barabara za Ainabkoi

Je, wajua kwamba anayekimbia kwenye manyunyu hulowa kifua kabla ya utosi? Matone madogo ya manyunyu huanguka taratibu, kama mita mbili kwa sekunde. Mtu anayemaliza kilomita moja kwa dakika tano, mwendo ambao wanariadha wa Ainabkoi huuona wa kunyoosha miguu tu, tayari anasonga zaidi ya mita tatu kwa sekunde. Yeye ndiye anayeiendea mvua. Akifikia kasi ya marathon ya saa mbili, karibu mita 5.9 kwa sekunde, manyunyu humpiga usoni moja kwa moja. Mvua kubwa ina kanuni zake: matone manene hushuka kwa mita nane hadi tisa kwa sekunde, na hapo hakuna wa kusalimika, awe mbele au nyuma.

Kwa hesabu hiyo hiyo, anayeongoza kundi asubuhi ya manyunyu hulowa kwa niaba ya wenzake.

Je, wajua Ainabkoi inaanzia wapi? Ni eneo bunge la Kaunti ya Uasin Gishu, lenye wadi za Kapsoya, Kaptagat na Ainabkoi/Olare. Linaanzia kwenye mitaa ya Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, kisha linapanda kuelekea misitu ya Kaptagat na nyanda za baridi za upande wa Timboroa. Mkimbiaji akitoka Kapsoya kabla ya jua kuchomoza, huanzia kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100. Akifika Kaptagat amepita mita 2,400, na bado hajatoka kwa mbunge wake.

Reli nayo iliwahi kuupanda mwinuko huo. Njia ya kutoka Nakuru ilipitia Timboroa na Ainabkoi na kuingia Eldoret mwaka 1924. Stesheni ya Timboroa, mita 2,743 juu ya usawa wa bahari, ilisifika kwa miaka mingi kuwa ya juu kuliko zote katika Jumuiya ya Madola.

Je, wajua kwamba huku mvua ya alfajiri ni mgeni? Watu wa mbali hudhani mwanariadha wa Bonde la Ufa hupigwa na mvua kila akitoka kitandani, lakini sivyo. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Victoria, basi upepo wa ziwa huvuma kuja bara, hupanda milima, hupoa, na mawingu hujaa alasiri. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka bara kwenda ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi majini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua ya Uasin Gishu huanguka mchana kugeukia jioni, wakati wakimbiaji wamekwisha kula na kulala kidogo. Kinachowasubiri asubuhi ni kilichoachwa na mvua ya jana, yaani matope.

Na msimu wenyewe ni mrefu. Nairobi huzoea mvua za masika, kisha kipupwe, kisha vuli. Uasin Gishu mvua huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, ikipamba moto Aprili na Mei, kisha tena Julai na Agosti, hewa yenye unyevu inapoletwa na pepo za magharibi kutoka upande wa Kongo. Ndiyo maana mkulima wa mahindi wa Ainabkoi hupanda mara moja kwa mwaka. Na ndiyo maana mwanariadha anayejiandaa kwa mbio za Berlin au Chicago, ambazo hukimbiwa Septemba na Oktoba, hufanya maandalizi yake yote kwenye tope.

Ukungu? Huo una chanzo cha karibu zaidi. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka ghafla kuingia Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini. Hewa ya bondeni ikipanda ukuta huo hupoa na kugeuka ukungu juu ya msitu. Mtu anaweza kuzisikia hatua za kundi kabla hajaliona.

Je, wajua kwamba saa kumi na mbili kamili asubuhi Eldoret bado kuna giza? Kenya nzima hufuata majira mamoja, yaliyopangwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki, ilhali Eldoret iko karibu na nyuzi 35. Kwa sababu hiyo jua la huku huchelewa. Mapema Novemba huchomoza kama dakika 20 baada ya saa kumi na mbili; katikati ya Februari hungoja hadi karibu dakika 50. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua hupanda wima, mapambazuko hayazidi dakika 20 na ushei. Kundi linaloondoka saa kumi na mbili mwezi wa Februari hukimbia kilomita za kwanza bila kuona ardhi linayoikanyaga. Mvua ikiongezeka juu ya giza hilo, kila mtu hutegemea visigino vya aliye mbele yake.

Hapa ndipo kundi linapokuwa na thamani ambayo haipimiki kwa saa ya mkononi. Aliye mbele akiruka dimbwi, wa pili naye huruka, na wa tatu, hadi mwisho wa mstari. Jiwe likitajwa kwa sauti, habari hufika nyuma kabla ya mguu kulifikia. Anayekimbia peke yake hana macho ya kuazima.

Je, wajua kwamba faida ya kukimbia nyuma ya mtu ilipimwa maabara zaidi ya miaka 50 iliyopita? Mwanafiziolojia Mwingereza Griffith Pugh, yule aliyekuwa kwenye msafara wa Everest wa 1953, alichapisha mwaka 1971 vipimo vya mkimbiaji aliyejikinga upepo kwa kukaa mita moja nyuma ya mwenzake. Kwa kasi ya mita sita kwa sekunde, matumizi yake ya oksijeni yalipungua kwa takriban asilimia 6.5. Kasi hiyo ni ya juu kidogo kuliko ya Eliud Kipchoge alipokimbia marathon kwa saa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akizungukwa na wadhibiti-kasi waliopokezana, 41 kwa jumla. Mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya mpangilio huo. Lakini mpangilio huo ulikuwa na maana yake: ulikuwa ni kundi.

Nguvu ya kundi Kipchoge aliijua tangu zamani. Kambi aliyofanyia mazoezi, ya Global Sports Communication, iko Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki za Barcelona 1992. Ratiba yake imejulikana kote duniani: Jumanne mazoezi ya kasi uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40 kwenye barabara za vumbi, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Mvua ikinyesha Alhamisi, mbio ndefu haziahirishwi hadi Ijumaa. Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mara tatu mfululizo, 2016, 2021 na 2024, naye ni wa Sang na wa Kaptagat.

Wageni wengi wakiulizwa siri ya huku hujibu kwa neno moja: mwinuko. Ni kweli kwamba katika mita 2,700 shinikizo la hewa limeshuka hadi takriban asilimia 73 ya lile la Mombasa, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Lakini Mexico City iko mita 2,240, Bogotá mita 2,600, La Paz juu zaidi ya hapo, na hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliotoa mabingwa wa marathon kwa wingi wa Uasin Gishu na majirani zake wa Nandi na Elgeyo Marakwet. Hewa nyembamba inapatikana mahali pengi. Barabara ambayo watu makumi kadhaa hukutana gizani, mvua inanyesha, wengine wakiwa mabingwa wa dunia na wengine hawajawahi kulipwa hata shilingi moja kwa kukimbia, haipatikani mahali pengi. Nashikilia kwamba siri ni hiyo ya pili.

Sayansi nayo imeanza kuligusa jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapima wapiga makasia 12 wa chuo chao, wakifanya zoezi lile lile mara wakiwa pamoja, mara kila mmoja peke yake. Walipofanya pamoja walistahimili maumivu zaidi baada ya zoezi. Jasho lilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa ni kuwa na wenzao.

Je, wajua kwamba mvua ni rafiki wa mkimbiaji mpaka anaposimama? Misuli hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto linalotafuta pa kutokea. Ndiyo sababu hali ya hewa inayofaa marathon ni ya baridi, karibu na nyuzi 10 za Selsiasi, na asubuhi nyingi za Kaptagat ziko hapo hapo au chini kidogo. Maji ya mvua juu ya ngozi husaidia kuliondoa joto hilo. Tatizo huja mwisho wa safari. Mkimbiaji akisimama, tanuri la misuli huzimika, lakini nguo mbichi huendelea kunyonya joto, na maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa. Dakika tano za kupiga gumzo barabarani zinatosha kumtetemesha kijana mwenye afya. Wazoefu hubadilisha nguo kwanza, salamu baadaye. Fulana ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huyashika maji na haiyaachii.

Baada ya hapo ni chai ya maziwa, moto kabisa. Mursik, yaani maziwa ya mgando, hunywewa pia siku kubwa, mwana wa kijiji anaporudi na medali.

Je, wajua ni nani alishindwa na mvua, na nani aliishinda? Tarehe 24 Septemba 2017, marathon ya Berlin ilikimbiwa kwenye mvua. Nyota Wilson Kipsang na Kenenisa Bekele waliacha mbio. Kipchoge alibaki na Mwethiopia Guye Adola, ambaye hiyo ilikuwa marathon yake ya kwanza, na Adola akathubutu kumpita. Kipchoge alimrudia kwenye kilomita za mwisho na kushinda kwa 2:03:32, sekunde 14 mbele.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Oktoba 2020, mvua ilimgeukia. London ilikimbiwa bila mashabiki kwa sababu ya korona, wanariadha wakizunguka St James's Park kwenye baridi na maji. Kipchoge, aliyekuwa ameshinda marathon 10 mfululizo, alimaliza wa nane kwa 2:06:49 na kueleza kwamba sikio lake la kulia lilikuwa limeziba. Shura Kitata wa Ethiopia alimshinda Mkenya Vincent Kipchumba kwa sekunde moja. Siku hiyo hiyo, kwenye mvua hiyo hiyo, Brigid Kosgei aliibuka bingwa wa wanawake kwa 2:18:58.

Boston 2018 ilikuwa kali zaidi: mvua, upepo wa mbele na baridi iliyowavunja mabingwa mmoja baada ya mwingine. Geoffrey Kirui, bingwa mtetezi kutoka Kenya, aliongoza hadi karibu na mwisho, akapitwa na Yuki Kawauchi, Mjapani aliyekuwa mwajiriwa wa serikali na aliyefanya mazoezi nje ya saa za kazi. Muda wa ushindi, 2:15:58, ulikuwa wa polepole mno kwa Boston. Siku hiyo saa haikuwa na maana. Aliyeendelea kukimbia ndiye aliyeshinda.

Kelvin Kiptum alikuwa wa aina nyingine. London ya Aprili 2023 ilikuwa na mvua, barabara zinang'aa kwa maji, na kijana huyu wa Elgeyo Marakwet, jirani kabisa na Kaptagat, akakimbia nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 45 na kumaliza kwa 2:01:25. Oktoba mwaka huo, Chicago, aliweka rekodi ya dunia ya 2:00:35. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 alifariki katika ajali ya gari eneo la Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Nchi ilimlilia na bado inamlilia.

Barabara hizo hizo ndizo zinazobeba makundi ya alfajiri, na hapa nawasihi madereva kama jirani: mvua ikinyesha kabla ya mapambazuko, punguzeni mwendo kuanzia Naiberi hadi Plateau na Kaptagat. Kioo chenye maji hakimwonyeshi mtu aliyevaa nguo nyeusi. Na mkimbiaji naye, kwa kuwa magari ya Kenya hushika kushoto, akae upande wa kulia ayaone yanayomjia, na avae kitu kinachoakisi taa. Koti la kuakisi la mwendesha bodaboda linatosha kabisa.

Je, wajua matope hutoza nguvu kiasi gani? Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 mbio kwenye mchanga laini wakakuta zinadai takriban mara 1.6 ya nishati inayotumika kwenye ardhi ngumu, kwa sababu ardhi inayobonyea humeza msukumo wa mguu. Tope la barabara ya murram lina tabia hiyo, na juu yake linanata kwenye soli hadi kiatu kinakuwa kizito. Dawa yake ni hatua fupi za haraka, mguu ukitua chini ya mwili badala ya mbele yake. Viatu vyepesi vya sahani ya kaboni hubaki kambini siku kama hiyo.

Waliolelewa kwenye tope hawaogopi tope. John Ngugi, wa Nyahururu, alitwaa taji la dunia la mbio za nyika mwaka 1989 huko Stavanger, Norway, kwenye uwanja uliogeuka kinamasi. Paul Tergat, wa Baringo, alichukua taji lake la tano mfululizo Belfast mwaka 1999, kwenye matope yaliyofika vifundoni. Kuanzia 1986 hadi 2003 timu ya wanaume wa Kenya haikushindwa katika mbio ndefu za nyika za dunia: mara 18 mfululizo.

Tope la Timboroa lilikwisha kujulikana kabla ya hao wote. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jan van Rensburg ulitoka Nakuru kuelekea Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukazama huko tena na tena. Uliingia nyanda za juu Oktoba, baada ya zaidi ya miezi miwili, safari ambayo matatu ya leo huimaliza asubuhi moja.

Je, wajua kwamba harufu ya ardhi baada ya mvua hutengenezwa na bakteria? Kemikali yake inaitwa geosmini, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni moja.

Je, wajua kwamba mvua inayowanyeshea wakimbiaji hawa ina safari mbili? Inayoangukia upande wa magharibi huingia mito kama Sosiani, unaopita katikati ya Eldoret, kisha Nzoia, kisha Ziwa Victoria, kisha Nile hadi Misri. Inayoteremka ukingo wa mashariki huingia mto Kerio na kuishia Ziwa Turkana, ambalo halina mto wa kutokea. Kundi moja, kwenye kilomita moja ya barabara ya ukingoni, laweza kuyakanyaga maji ya Bahari ya Kati na ya Turkana.

Radi je? Asubuhi ni nadra, alasiri ni kawaida. Mwanga ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, basi ukisikia ngurumo kabla ya sekunde 30 radi iko ndani ya kilomita kumi, na mazoezi yameisha. Ingia kwenye nyumba au gari lililofunikwa, na usitoke mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Usijikinge chini ya mikaratusi iliyopangwa kando ya shamba, hata mvua iwe kubwa kiasi gani. Mti mrefu uliosimama wazi ndio radi inaoutafuta.

Na viatu? Usivikaushe kando ya jiko. Joto hulegeza gundi na kuharibu povu la soli, na kiatu kilichogharimu maelfu ya shilingi huisha kabla ya msimu. Toa soli ya ndani, suuza tope kwa maji baridi, jaza gazeti kuukuu lililofinyangwa, libadilishe baada ya saa moja au mbili, kisha viache mahali penye upepo. Kikilazwa hivyo saa tatu asubuhi, kesho yake alfajiri kinavalika.